Tangi Lililosema Limejaa

Nabhan hakuwa mtu wa kukaa. Ukimkaribisha kiti atakushukuru, atakizunguka, kisha atasimama nyuma yake akishika mgongo wake kama mtu anayekiuza. Hapa Zarqa tumemzoea. Msikitini huwa safu ya mwisho, karibu na mlango. Harusini humwoni, unaona viatu vyake vikipita. Mkewe Itidal husema tangu waoane hajamwona akimalizia glasi ya chai mahali alipoianzia. Lakini kiangazi kile kiherehere chake kilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa imelala kitandani kwenye ukumbi wa matibabu, mrija mmoja ukitoa damu mkononi mwake na mwingine ukiirudisha.

Figo za Itidal zilikuwa zimegoma. Mara tatu kwa wiki alikwenda kusafishwa damu katika kituo kilichoko nyuma ya soko la mboga, na kwa bahati, sijui niiite njema au mbaya, kituo hicho hicho ndicho kilichomwajiri mumewe kuwa injinia wa jengo. Pampu, viyoyozi, jenereta, tangi la chini ya ardhi, mtambo wa kuchuja maji, vyote vilikuwa chini ya Nabhan. Mashine za kusafisha damu hunywa maji kwa pupa, tena yawe yamechujwa mpaka hayana hata ladha. Na maji ya mfereji kwetu huja siku moja kwa wiki. Siku hiyo kila nyumba inafua, inadeki, inajaza matangi ya juu ya paa, na pampu za mtaa mzima zinanguruma pamoja. Kiangazi hata siku hiyo mfereji hutoa kidogo, na boza, lori la kuuza maji, ndilo linaloziba pengo. Boza nalo haliji mpaka uliite mapema. Ukichelewa kujua kwamba tangi linakauka, umechelewa, na juu yako ukumbini kuna watu ambao damu yao iko nje ya miili yao.

Hilo ndilo lililomnyima Nabhan raha. Alishuka kwenye tangi asubuhi, akashuka tena kabla ya adhuhuri, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akachungulia kibomba cha kioo kinachoonyesha kina cha maji. Akipanda ngazi anajiuliza kama aliona vizuri. Anarudi. Manesi walikuwa wakimcheka, naye alicheka nao huku akishuka.

Basi siku Daktari Lubana, mkurugenzi wa kituo, alipomwita akamwambia wenye mali walioko Amman wanataka habari zote za jengo ziende kwenye wingu, yaani zikahifadhiwe kwenye kompyuta za mbali ambako yeyote mwenye ruhusa atazisoma popote alipo, Nabhan alikaribia kupiga kigelegele, mwanamume mzima.

"Chagua njia wewe, Injinia," Daktari alisema. "Mimi sijui waya wala hewa. Nataka ifanye kazi, na isiwatishe wagonjwa wangu."

Kampuni ikamleta Wisam, kijana mchangamfu mwenye nywele zinazong'aa mafuta, mjuzi wa kazi yake na mpenzi wa maneno yake mwenyewe. Walikutana kwenye chumba cha pampu. Wisam akaegemea bomba, Nabhan akazunguka.

"Ziko njia mbili," Wisam alianza. "Ya kwanza, sisi tulioko nje ndio tunaoliuliza jengo. Tangi vipi? Pampu vipi? Kila baada ya sekunde chache tunauliza."

"Mnaingilia wapi?"

"Unatufungulia kimlango kwenye mtandao wako."

"Na mwizi ataingilia wapi?"

Wisam akacheka. "Hapo hapo, Injinia. Sikufichi."

"Basi njia hiyo kaiuze Amman. Ya pili?"

"Ya pili, tunaweka kisanduku humu ndani. Kisanduku kinasikiliza vihisi vyote vya kupimia tangi na pampu zako, kimoja kimoja, kisha chenyewe ndicho kinachotuma habari nje kwa laini ya simu. Kutoka nje hakuna anayeweza hata kubisha hodi."

"Hiyo nimeipenda."

"Subiri, kuna swali. Kitume vipi? Kitume muda wote, kuwe na jipya kusiwe na jipya? Au kitume likitokea badiliko tu?"

Kabla Nabhan hajajibu, simu yake ililia mara moja mfukoni. Akaitoa, akaona jina la mkewe, akaikata. Uso ukamlainika kidogo.

"Ameshaunganishwa kwenye mashine," alisema.

"Mama yangu naye ni hivyo hivyo," Wisam alisema. "Akifika Irbid, bip moja, ameshafika."

Kwetu kubip ni lugha kamili, ina sarufi yake. Bip moja ya Itidal maana yake nimeshaunganishwa, niko salama. Nabhan akiikata, maana yake nimesikia. Bip mbili, nimemaliza, njoo unichukue. Kupokea simu ya bip ni ushamba, ni kumla mwenzio salio bure. Na simu isipolia kabisa? Isipolia hakuna jambo. Mtoto wao Sari anafanya kazi Aqaba bandarini, anaweza kukaa juma zima bila kulia, na mama yake akiulizwa habari zake hujibu bila wasiwasi: hajambo, angekuwa na shida angepiga. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mtu akinyamaza, tunamhesabu kuwa mzima.

Kwa hiyo Nabhan hakusumbuka kufikiri. "Kitume likitokea badiliko," alisema. "Tangi likishuka, kiseme. Lisiposhuka, kinyamaze. Ya nini kunipigia kelele kila dakika kunieleza kwamba hakuna jipya?"

"Na huku chini ya ardhi laini ni dhaifu," Wisam aliunga mkono. "Tukiipunguzia mzigo itapumua."

Wakakubaliana wajaribu kwanza, wakiridhika watie saini. Nakuomba usimcheke Nabhan kwa sasa. Wewe na mimi tungechagua vilevile, na tungejiona werevu.

Kisanduku kikafungwa ukutani, na kwenye simu ya Nabhan kukaja ukurasa wenye tangi dogo la kuchorwa, pampu zake na mtambo wake wa kuchuja, vyote vya kijani. Kihisi kikiona maji yameshuka, kijani nacho kinashuka. Boza likija, kijani kinapanda. Alikuwa akiutazama ukurasa ule akiwa kwa mwoka mikate, akiutazama akivaa viatu nje ya msikiti, akiutazama mkono mmoja ukiwa kwenye sahani ya wali wa maqluba.

"Ungekuwa unanitazama mimi hivyo," Itidal alimwambia, "ningefikiri umetafuta mke wa pili nikamkuta ni mimi."

"Wewe huna kijani."

"Nina manjano ya figo. Chagua."

Nabhan alicheka mpaka akakohoa, kisha akautazama ukurasa tena. Miguu yake ilikuwa imepumzika, macho ndiyo yaliyokosa mapumziko. Sista Fidda, nesi mkuu wa ukumbi, alimkuta siku moja kwenye korido akamwuliza mbona siku hizi haonekani akishuka chini. Nabhan akainua simu. "Nimeshuka sasa hivi," alisema. "Nimo ndani yake." Sista akamtazama, akaenda zake.

Ilifika Alhamisi moja akaziba vali iliyokuwa ikivuja karibu na mtambo wa kuchuja. Ilikuwa kazi ndogo, lakini aliifanya vizuri na akaisema mara nyingi. Jumamosi boza likaja, tangi likajaa, kijani kikagusa ukingo. Jumapili akaangalia: limejaa. Akaangalia jioni: limejaa bado. Mwingine angeshtuka. Nabhan alitabasamu, akasema kimoyomoyo, kumbe ile vali ndiyo iliyokuwa ikitumaliza. Hata boza la Jumatatu asubuhi hakuliita. Aliwaambia wenye boza waje Jumanne, hakuna haraka.

Jumatatu hiyo Itidal alikuwa kwenye mashine tangu asubuhi na bip yake moja ilikwishaingia. Nabhan na Wisam walivuka barabara wakaenda mkahawani kutia saini ya kukubali kazi. Karatasi zilikuwa mezani, kahawa inafuka moshi, na Nabhan amesimama akishika mgongo wa kiti. Simu ikalia. Jina la mkewe. Akaikata.

Ikalia tena. Akaikata.

"Amemaliza," alisema, akachukua funguo. Kisha akatazama saa ya ukutani, akaganda. Itidal hakuwa amefika hata nusu ya muda wake. "Mbona mapema?"

"Labda kidole kimemteleza," Wisam alisema. "Angalia ukurasa kwanza."

Akauangalia. Tangi limejaa. Maji ni safi. Pampu ni nzima. Vyote vya kijani, hakuna hata kimoja kilichobadilika. Akavuta pumzi, akaziweka funguo mezani. Na hapo, mtu asiyekaa akavuta kiti akakaa.

Simu ikalia mara ya tatu.

Bip tatu hazikuwa na maana yoyote. Hawakuwahi kuzipangia. Nabhan aliitazama simu ikitetemeka karibu na kikombe, kidole kikaenda kwenye alama ya kukata, kikarudi, kisha akapokea.

"Nabhan! Unanikatia nini?" Nyuma ya sauti ya Itidal mashine zilikuwa zikilia, nyingi, kila moja kwa mlio wake. "Maji yamekwisha! Zote zinalia!"

"Tangi limejaa," alisema.

Ndivyo alivyosema. Mkewe yumo ndani, mkono umefungwa mirija, anamwambia maji yamekwisha, naye anamjibu kwa kusoma simu. Mimi nimemjua Nabhan tangu utotoni na bado neno lile likinijia nataka kumzaba kibao.

"Limejaa wapi?" Itidal alipiga kelele. "Mimi ndiye niliye hapa!"

Nabhan alikimbia barabarani bila kuangalia magari. Ukumbini Sista Fidda na wenzake walikuwa wakienda kitanda hadi kitanda, wakirudisha damu ya kila mtu mwilini kabla ya kumfungua. Walifanya haraka na bila kupayuka, lakini nyuso zao zilikuwa zimekakamaa. Itidal alikuwa kitanda cha pembeni. Alimwona mumewe, akageuzia uso ukutani.

Nabhan akateremka ngazi mbilimbili. Akafunua kifuniko cha tangi, akamulika kwa tochi. Chini kabisa kulikuwa na tope na kidimbwi ambacho ungekifuta kwa kitambaa. Ukutani, taa ya kisanduku ilikuwa ikiwaka, lakini haipepesi tena. Kilikuwa kimezimia tangu Jumamosi, mara tu baada ya kusema tangi limejaa. Tangu hapo hakikutuma neno, na kule kwenye wingu kimya chake kilihesabiwa kuwa hakuna badiliko. Picha ya Jumamosi ndiyo iliyokuwa ikitazamwa Jumapili na Jumatatu. Na ile vali aliyojivunia haikuwa imeokoa chochote cha maana.

Boza lilifika baada ya adhuhuri, wakati wagonjwa wengi wameshakwenda nyumbani wakiwa wamesafishwa nusunusu. Maji yaliyopaswa kutolewa mwilini mwa Itidal yalibaki humo humo. Vifundo vya miguu vikavimba, pumzi ikawa fupi, akawa hawezi kulala chali, ikabidi awe anaegemea mito. Nabhan alitembea ukuta hadi ukuta. Kila mkewe akikohoa anasimama mlangoni, na akinyamaza anasimama karibu zaidi.

Wisam alikuja kesho yake bila mafuta kichwani. Hakuleta visingizio, nampa haki yake. "Kisanduku kilizimia, Injinia, na hilo ni letu," alisema. "Lakini hata kingekufa kabisa tusingejua. Sisi wote tulikubaliana kwamba kimya ni salama."

"Mimi ndiye niliyesema."

"Ulisema, nami nikafurahi."

"Sasa nisikilize." Nabhan alianza kutembea, na safari hii hata Wisam alitembea naye. "Njia ni ile ile, kisanduku ndani na habari zinatoka, hakuna anayeingia. Lakini kisinyamaze. Kila dakika kiseme nipo. Hata kama hakuna jipya, kiseme nipo, na tangi liko hapa. Wingu likikosa nipo tatu mfululizo, linipigie mimi, limpigie Sista Fidda, likupigie na wewe."

"Nami nimelala?"

"Hasa ukiwa umelala. Na kila tarakimu ibebe saa yake. Ikipitwa na wakati isibaki kijani, ifubae iwe kijivu, mtu ajue anatazama kiporo."

"Na laini ikikatika?"

"Habari ziwekwe ndani ya kisanduku, laini ikirudi zitumwe zote na saa zake. Lakini wakati huo sisi tuwe tumeshapigiwa, na mtu ameshuka kuchungulia kwa macho yake."

Wisam aliandika bila kubisha. Daktari Lubana naye alikubali siku hiyo hiyo, maana aliona aibu mbele ya wagonjwa. Nabhan akarudi nyumbani akiwa na habari njema, akamkuta Itidal kibarazani peke yake, miguu juu ya stuli, mkononi glasi ndogo ya chai, maana mgonjwa wa figo hupimiwa hata maji ya kunywa. Akamweleza yote, nipo ya kila dakika, kijivu, simu za tahadhari. Alikuwa akizungumza huku akitoka na kuingia.

Itidal alimwacha amalize. "Kwa hiyo litakupigia wewe," alisema.

"Na Sista, na Wisam."

"Na mimi?"

"Wewe ni mgonjwa."

"Ndiyo maana nauliza, Nabhan. Wewe una ukurasa wako. Daktari ana wake, na wale wa Amman wana wao. Mimi nina dari." Hakuwa amepandisha sauti. "Tangu siku ile nikilala pale sifumbi jicho. Naitazama dari, nasikiliza mashine ya jirani, nasikiliza yangu. Ikipumua vibaya naona damu yangu haitarudi. Zamani nilikuwa nasinzia. Sasa natoka pale nimechoka kuliko nilivyoingia. Na ile habari ya kubip imekwisha. Nikipiga, pokea."

"Nitapokea."

"Nimekupigia mara mbili ukanikata, ya tatu ukaniambia limejaa."

Gari la kuuza mitungi ya gesi likapita mtaani na wimbo wake, Nabhan akaingia ndani akanawa uso.

Asubuhi alimwendea Daktari Lubana kumwambia kwamba anataka kitu kimoja zaidi. Ndani ya tangi liwekwe boya, kama lile la tangi la choo, na waya wake uende moja kwa moja hadi kengele iliyoko ukumbini. Usipite kwenye kisanduku, usipite kwenye simu, usipande wingu lolote. Maji yakishuka chini ya kiasi, kengele ilie wagonjwa waisikie, wakati bado maji ya kumalizia kazi yapo. Na kisanduku kikizimia, waya wa pili uilize kengele hiyo hiyo kwa mlio mwingine.

"Hapana," Daktari alisema papo hapo. "Nilikuambia tangu mwanzo usinitishie wagonjwa. Unataka wapatwe na kiwewe wakiwa wamefungwa mirija?"

"Wameshapatwa, Daktari."

"Wataivuta hiyo mirija!"

"Wao ndio damu yao iko nje. Sisi tunapigiwa simu, wao wanasubiri tuwaambie. Siku ile nani aliwaambia? Mashine ziliwalilia usoni maji yakiwa yamekwisha kabisa."

"Injinia, nimekupa kila ulichotaka. Tia saini tuwajibu Amman."

"Sitii."

Nabhan hakuwa amewahi kumkatalia mkubwa wake maisha yake yote. Ni mtu wa ndiyo, ndiyo yake huwa imeshatoka mlangoni kabla hujamaliza kuomba. Safari hii aliifutika mikono mifukoni. Alisema kazi haitapokelewa kwa jina lake bila kengele, na kama wanataka jina la mwingine walitafute. Daktari Lubana alimkazia macho. Kisha akasema kwa ukali kwamba kama ni hivyo, akawaeleze wagonjwa mwenyewe kwa mdomo wake, na mmoja tu akiogopa, kengele inang'olewa.

Kwa hiyo akasimama katikati ya ukumbi, watu wamelala kulia na kushoto, akawaeleza. Hakuwa msemaji. Alianza na boya akaishia na kuomba radhi, akachanganya katikati. Mwisho akasema: "Mimi ndiye niliyechagua kisanduku kinyamaze. Sasa nimechagua kiseme, na nyinyi msikie."

Hajj Mutlaq, dereva wa teksi mstaafu aliyekuwa na kitanda karibu na dirisha, akainua mkono wake usio na mirija.

"Ina sauti gani hiyo kengele?"

"Ya kengele, Hajj."

"Isiwe wimbo wa gari la gesi tu. Nitanyanyuka hapa kwenda kubadilisha mtungi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata Sista Fidda alijifuta macho kwa mkono wa koti. Itidal hakucheka, lakini alikuwa akimtazama mumewe, na hakugeukia ukuta.

Kengele ilipokwisha kufungwa, Nabhan aliijaribu mchana kweupe mbele ya Daktari. Alilikandamiza boya chini kwa mkono, kengele ikalia. Akachomoa waya wa kisanduku, akasubiri. Dakika zile tatu zilimla. Kisha ukurasa ukafubaa ukawa kijivu, simu yake ikalia, ya Sista ikalia, ya Wisam ikalia huko alikokuwa, na ukumbini ukatoka ule mlio wa pili. Wagonjwa waliinua vichwa. Mama mmoja aliuliza kama ni ile au ni nyingine. Sista akajibu ni nyingine, ni kisanduku, maji yapo. Mama akarudisha kichwa kwenye mto. Hakuna aliyevuta mrija. Daktari Lubana akamwambia Nabhan atie saini, akaenda ofisini kwake.

Ungefikiri sasa Nabhan alitulia. Thubutu. Zamani alikuwa na kibomba cha kioo cha kuchungulia, baadaye akawa na kijani cha kutazama. Sasa alikuwa na nipo ya kila dakika, na kila ikifika alianza kuisubiri ijayo. Alishuka tena kwenye tangi asubuhi na kabla ya adhuhuri, akagonga ukuta kwa kifundo. Wisam alimwambia mfumo wao sasa ni mzuri kuliko wa hospitali kubwa za Amman. Nabhan alimshukuru, akaenda kuchungulia.

Siku moja ya wiki zilizofuata alitoka kuchungulia akapitia ukumbini, kama kawaida yake, kumwona mkewe kwa dirisha la mlango. Hakuona macho yake. Akasukuma mlango akaingia, hatua zikaongezeka zenyewe. Itidal alikuwa amelala chali, mdomo wazi kidogo, kichwa kimeegemea upande wa dirisha. Mashine ilikuwa ikizunguka. Mkono wake uliokuwa huru ulikuwa umelegea juu ya shuka.

Nabhan aliinama kumwita. Kabla jina halijamtoka, vidole vilimshika mkono wa shati.

"Baba Sari," Sista Fidda alinong'ona, "ukimwamsha nakutoa nje."

"Nataka kujua tu kama yuko sawa."

"Amelala."

"Naona amelala, lakini—"

"Amelala, Injinia. Anasinzia tangu juzi. Kaniambia, kama kuna jambo kengele itanililia, mimi nitaisikia."

Sista akaenda kitanda kingine. Nabhan alibaki ameinama nusu, mdomo wazi. Alikuwa na hofu, naisema wazi kwa sababu yeye hangeisema. Alikuwa amehangaika kiangazi kizima ili mwanamke huyu aweze kufumba macho, na sasa amefumba, hasemi nipo, hasemi chochote, na hakuna wingu litakalompigia simu kumwambia habari zake. Alitaka sana kumgusa. Akairudisha mikono mifukoni. Akasimama pale miguuni pa kitanda akimtazama akipumua, mpaka mashine ilipomaliza kazi yake.